Tundu katika kompyuta: namna linavyoingia, namna linavyozibwa



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia, vumbi, malaria na maji ya kuchemsha. Leo tuongee juu ya kompyuta, ile wengi wanayoita ordinatere. Usiseme: «Hayo ni mambo ya watu wa biro.» Siku hizi mishahara, karatasi za wagonjwa na hesabu za dawa zinawekwa katika kompyuta. Mtu asiye na haki akizishika, anaweza kusoma ugonjwa wako, kupunguza mshahara wako, ao kugeuza dozi ya dawa ya mtoto wako.

Kapita wa kompyuta

Ndani ya kila kompyuta kuna programu kubwa inayoongoza zingine zote. Mojawapo inaitwa Linux. Inaongoza kompyuta nyingi zinazotumikia watu wengi pamoja, na iko hata ndani ya simu za Android. Ni yeye kapita: anajua nani ana ruhusa gani. Mtumiaji wa kawaida ni kama mfanyakazi mwenye jetoni ya kuingia mahali pake tu. Mkubwa wa wote, anayeitwa root, ana funguo zote.

Ugonjwa wa leo ni huu: mtu wa kawaida anajipandisha cheo kwa wizi, anakuwa root, na hakuna aliyemteua.

Jambo la mwaka 2017

Mwaka 2005 Linux iliongezewa njia moja ya kupeleka habari toka kompyuta hadi kompyuta, jina lake DCCP. Watu wachache waliitumia, lakini katika mashine nyingi mlango wake ulibaki tayari kufunguliwa na yeyote aliyeuomba. Mwezi wa pili mwaka 2017, fundi Andrey Konovalov akagundua tundu ndani yake. Toleo la mwezi wa 9 mwaka 2006 lilikuwa nalo tayari: zaidi ya miaka 10 bila kuonekana!

Alilionaje? Alitumia programu inayoitwa syzkaller, ambayo inairushia Linux maombi ya kila namna, maelfu kwa maelfu, mpaka kitu kivunjike. Ni kama ninyi mnavyogonga paa la mgodi kwa fimbo ya chuma mbele ya kuanza kazi: mahali panapolia kama ngoma tupu, hapo kuna hatari.

Sikiliza mfano wa taa

Fikiri juu ya nyumba ya taa. Watu wawili wametia sahihi kwa taa moja. Wa kwanza anapanda, anasema: «Nimemaliza.» Mlinzi anaandika: «Taa imerudi», lakini wa pili angali nayo chini. Namba ile inapewa mtu mwingine. Kisha wa pili anapanda naye, na mlinzi anaandika mara ya pili: «Taa imerudi.» Sasa daftari linadanganya: namba moja inaweza kuwa na wenyewe wawili.

DCCP ilifanya vile vile. Kifurushi cha habari kilikuwa kingali kinatumika, na Linux ikakihesabu kuwa kimeachwa. Nyuma yake ikakiachia tena. Mwizi aliye tayari ndani ya kompyuta anangoja nafasi ile itumiwe na kapita mwenyewe, kisha anaandika humo maneno yake. Kapita anayasoma na kuyatii, akifikiri ni yake. Hapo mwizi amekuwa root.

Dawa yake

Dawa ilikuwa mistari michache tu: mlinzi ahesabu sahihi kwanza, asiandike «imerudi» mpaka wote waliotia sahihi wamemaliza. Habari ilipelekwa kwa watunzaji wa Linux tarehe 15 mwezi wa pili 2017. Tarehe 17 dawa ikaingizwa. Tarehe 22 watu wote wakatangaziwa. Waliponyesha kwanza, wakatangaza nyuma, ili wezi wasitangulie. Tundu likapewa namba CVE-2017-6074. Mwaka 2025 DCCP yenyewe ikaondolewa katika Linux. Mlango usiotumika, heri kuujenga ukuta.

Lakini angalieni: dawa iliyo katika sanduku haiponyeshi mtu. Kompyuta isiyopewa marekebisho inabaki mgonjwa. Tena, marekebisho ya namna hii kwa kawaida hayafanyi kazi mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya.

Wewe ufanye nini?

1. Usimwazime mtu neno lako la siri, hata ndugu yako. Tundu hili lilimfaa mtu aliye tayari ndani; usimfungulie mlango wa kwanza.
2. Fundi akisema: «Acheni kompyuta, nataka kuiwasha upya», usinung'unike. Dakika hizo ni kama zile za kungoja moshi wa baruti utoke.
3. Simu yako ikiomba marekebisho yanayotoka kwa waliyoitengeneza, uyakubali.
4. Usiweke katika kompyuta ya kazi programu uliyopewa njiani.
5. Ukiona jambo la ajabu, umwambie kapita wako siku ile ile.

Kidonda kidogo kisichooshwa kinakata mguu. Tundu dogo lisilozibwa linaweza kukunyima mshahara, na kumpa mgonjwa dawa isiyo yake.