Bendera Mkononi mwa Leng Feng
Mwishoni mwa Julai 2017, filamu mbili za kizalendo ziliingia kumbi za sinema za China siku moja. The Founding of an Army iliadhimisha miaka 90 ya jeshi la nchi hiyo, ikiwa imesheheni nyota vijana. Umma ukaipa kisogo, ukafurika kwenye Wolf Warrior 2 ya Wu Jing, aliyeiongoza na kuigiza shujaa wake, Leng Feng, hadi ikaingiza zaidi ya yuan bilioni 5.6, kiwango ambacho filamu ya Kichina haikuwahi kukifikia. Wanaosema watu walisukumwa na propaganda tu wanijibu: mbona ile nyingine haikuwasukuma? Naona siri imo katika picha ya mwisho, pasipoti ya China inapojaza skrini kwa maneno ya kumtuliza raia aliye hatarini ugenini, kwamba taifa lenye nguvu liko nyuma yake. Pasipoti halisi haina maneno hayo. Lakini watazamaji walishaona wenzao wakiondolewa vitani Libya mwaka 2011, na Yemen mwaka 2015 kwa manowari. Filamu iliwathibitishia kwamba hawatatupwa, na hilo ni hitaji la haki kabisa.

Ila gharama ya faraja hiyo wamebebeshwa Waafrika. Kisa kinatokea katika nchi mojawapo ya Afrika yetu isiyotajwa jina, yenye waasi, mamluki wa Kizungu na maradhi ya kuua. Leng Feng anapoupitisha msafara katikati ya wapiganaji, anauvisha mkono bendera ya China, anauinua kama mlingoti, na bunduki zinanyamaza. Wenye bunduki hizo, ambao vita ni vyao, hatuelezwi kwa kina wanapigania nini. Watetezi hukumbusha kwamba Hollywood imefanya hayo miaka nenda rudi, na kweli, Black Hawk Down ya 2001 iliwageuza Wasomali kuwa umati wa kupigwa risasi. Lakini kosa la jirani halisafishi lako. Hapa limeigwa tu. Wengine husema ni burudani. Burudani tupu isingewapa jina wanadiplomasia wa China wenye ulimi mkali, wanaoitwa mbwamwitu wapiganaji kutokana na filamu za Wolf Warrior. Hata Tundu na Pasha, watoto wa Kiafrika tunaowajua kwa majina, kazi yao kubwa ni kuokolewa, na jina la nchi yao halitajwi hadi taa za ukumbi zinapowashwa.