Kontena Limelala, Databesi Inakesha

Mliosikiliza kipindi cha wiki hii mlinisikia nikicheka nilipoulizwa kuhusu bili. Siku nilipoiona sikucheka. Dola 61, yaani riyali 222 hivi, kwa mwezi ambao programu yetu ya michango ilifunguliwa na watu wasiofika 40. Zile ni pesa za misiba jamani.

Programu yenyewe ni ndogo. Chama cha wazee wetu hapa Najma kilikuwa na daftari: nani ametoa, nani bado, kiasi gani kimetumwa kwa wafiwa Mombasa. Mjomba anayelishika macho yamechoka, basi nikaiandika, nikaifunga kwenye kontena la Docker, nikaipandisha. Wiki tatu hakuna anayeigusa. Halafu msiba unatokea usiku, na jamaa wote wanaingia ndani ya saa moja. Kwa kazi kama hii, kukodi seva ya mwezi mzima ni sawa na kukodi basi ukaliegesha Souq Haraj likisubiri harusi.

Ndiyo maana wengi tumehamia huduma ambazo hukodi seva kabisa. Unawapa kontena, mtu akibisha linawashwa, wakiondoka linazimwa. Heroku ilikuwa kimbilio la sisi tusio na hela, lakini ikafunga mpango wake wa bure Novemba 2022. Leo Google Cloud Run inatoa bure, kila mwezi, maombi milioni 2 na sekunde 180,000 za prosesa. Piga hesabu: ni saa 50, na mwezi una saa 720. Azure Container Apps wanatoa kiasi hichohicho. AWS Fargate usiichanganye na hizi, pale kontena likiwaka unalipa hata kama hakuna mtu.

Sasa dola 61 zilitoka wapi? Kontena lilikula senti tu. Ni databesi! Ilikuwa macho saa 24, tena kubwa kuliko haja, kwa sababu fomu ilinipendekezea ukubwa ule nami nikabonyeza.

Nikahamia Neon, ambayo ni PostgreSQL inayolala yenyewe baada ya dakika 5 bila kazi. Hapo nikakosea tena. Google walifungua kituo chao hapa Doha mwaka 2023, nikaona kontena likae karibu na sisi. Kumbe databesi yangu iko Frankfurt, na ukurasa mmoja huiuliza maswali manane, tisa. Kila swali, safari ya kwenda na kurudi Ulaya. Nilipolipeleka kontena Frankfurt, safari ndefu ikabaki moja.

Nikaweka pia kikomo cha makontena 3, maana kila moja hufungua njia zake za kuingia kwenye databesi, na usiku wa msiba zingejaa. Na ile tahadhari ya bajeti usiitegemee. Inakutumia ujumbe tu, haizimi kitu.

Ubaya upo. Mtu wa kwanza kuingia husubiri sekunde kadhaa. “Mwanangu, imekwama,” mjomba alinipigia. Nikaongeza maneno “Subiri kidogo, inafunguka.” Hajapiga tena.

Mwezi uliopita tulifiwa. Watu waliingia kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, na bili ikaja senti 14. Mjomba ameiandika, kwenye daftari.