Ng'ambo ya Mto Songwe: Mzazi naye aingie majini

Shule zinapofungwa mwezi Juni, Mbeya na Iringa huwa katika baridi kali. Watoto hulala na soksi miguuni, na maji ya udhu wa Alfajiri huwa hayashikiki. Ndipo familia zilizojaaliwa uwezo huanza kuzungumza habari za joto. Wenzetu wa Iringa kwa kawaida huteremka Kitonga kuelekea Dar es Salaam na Zanzibar. Sisi wa Mbeya tuna njia iliyo fupi zaidi, nayo ina ladha ya ugenini: Uyole, Rungwe, kisha mteremko wa Tukuyu katikati ya migomba na mashamba ya chai, mpaka Kasumulu, na hapo kuvuka daraja la Mto Songwe kuingia Malawi. Mtoto aliyeamkia mahali palipo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hujikuta jioni hiyo ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya mita 500, sweta likiwa limesahauliwa ndani ya gari.

Yanayofuata baada ya kufika ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nimeyaona mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyasimulia nikiwa nimefumba macho. Watoto hukimbilia maji kwa vifijo. Baba huita kwa sauti kali: "Rudini, mtazama!" Mama, aliye ndani ya baibui zito, huketi chini ya mti akilinda mabegi. Watoto huruhusiwa kulowesha nyayo tu. Baada ya nusu saa manung'uniko huanza, mdogo hulia, na ili pawe na utulivu simu hutolewa mfukoni. Inapofika Alasiri wamejikunyata chumbani wanatazama katuni zile zile walizokuwa wakizitazama Mwanjelwa. Nauli, hati za kusafiria na gharama za malazi zote zimekwenda kununua katuni. Siandiki haya kwa kumcheka mtu yeyote. Katika safari yetu ya kwanza, baba huyo nilikuwa mimi.

Sababu yake ni woga, na woga huo una haki yake. Wengi wetu tuliolelewa Uyole, Mafinga au Kalenga tuliujua mto kuwa ni kitu cha kuvukwa kwa daraja, na anayechezea maji hupigwa. Hatukufundishwa kuogelea, nao waliotulea hawakufundishwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Hata hivyo, kumzuia mtoto asiguse maji hakumwondolei hatari, kwani ipo siku atakuwa kijana na atafika ziwani pamoja na rafiki zake, bila ya mama wala baba.

Dini yetu haikuwa nzito katika jambo hili kama tulivyo wazito sisi. Katika hadithi iliyopokewa na Imam an-Nasai, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo machache ya kujiburudisha yasiyohesabiwa kuwa upuuzi. Naye Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini, kama alivyopokea Abu Daud. Kule Nungwi, Unguja, mradi unaoitwa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na picha za wasichana hao zikashinda tuzo ya kimataifa ya upigaji picha mwaka 2018. Ikiwa mabinti wa kisiwa kilichozungukwa na bahari walihitaji kufundishwa, sembuse mabinti wetu wa milimani?

Kwa hiyo siku ya kwanza isiwe ya kuogelea, iwe ya kuzoea. Mzazi aingie mwenyewe kwanza, hadi maji yamfike kiunoni, na watoto wabaki kati yake na nchi kavu, kamwe wasiwe upande wa kina. Mtoto ajifunze kupuliza mapovu, kisha kuzamisha uso, kisha kulala chali huku kiganja cha mzazi kikiwa chini ya mgongo wake. Kuelea ndiko kunakookoa. Mikono na miguu itafuata baadaye. Aliyejaribu baharini aelewe kwamba ziwani mwili huelea kwa tabu zaidi, kwa kuwa maji yake hayana chumvi. Asishangae mtoto aliyeelea vizuri Dar akianza kuzama hapa.

Jambo moja lilinishtua nilipolielewa, nami naona kila mzazi alijue: mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo wake uko usawa wa maji, pumzi ya kuitia haipo, na mikono inayakandamiza maji badala ya kupunga. Kwa mtu aliye kivulini huonekana kama anacheza. Ndiyo maana pawe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu, bila simu wala gumzo, na akichoka ampokeze mwenzake kwa kumwambia waziwazi: "Sasa ni zamu yako." Awe na dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri na kutiwa kamba. Likirushwa majini huelea na kumbeba mtu, nalo ni salama zaidi kuliko baba asiyejua kuogelea kujitupa nyuma ya mwanawe. Maboya ya kujaza upepo yanayouzwa mijini ni ya kuchezea, hayaokoi. Isitoshe, katikati ya mwaka upepo wa mwera huvuma kutoka kusini-mashariki na kuinua mawimbi. Siku hiyo ziwa liachwe.

Tena yapo mambo mawili ya kukagua kabla ya kuvua viatu. La kwanza ni mamba: midomo ya mito na mahali penye matete paepukwe, na wenyeji waulizwe, maana wao wanajua mwaka huu mamba yuko wapi. La pili ni kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani. Ufukwe wa mchanga ulio wazi ni afadhali zaidi, ingawa hakuna dhamana kamili. Baada ya miezi miwili hivi tangu kurudi nyumbani, familia nzima ikapimwe mkojo na choo. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana katika hospitali zetu.

Sasa tuje kwa mama. Katika familia nyingi za Kiislamu mama ndiye anayebaki na mabegi, na watoto wadogo, ambao humfuata mama, hubaki naye. Mwaka 2004 mama mmoja wa Australia mwenye asili ya Lebanon, Aheda Zanetti, alibuni vazi la kuogelea linaloufunika mwili na nywele, akaliita burkini. Majira ya joto ya mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa ililipiga marufuku, hata mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaingilia kati mwezi Agosti na kusitisha marufuku ya mji mmojawapo. Ng'ambo ya Songwe hakuna wa kumsumbua mama kwa stara yake. Kinachomzuia ni maandalizi tu. Vazi hilo asipolipata, fundi wa mtaani anaweza kumshonea suruali na gauni fupi pana la kitambaa chepesi kisichonywa maji wala kuonyesha mwili, pamoja na ushungi wa kuvaa kichwani bila pini. Pamba na jinzi zisitumike, kwani zikilowa huwa mzigo unaomvuta mtu chini. Wakati mzuri ni mara tu baada ya kuchomoza jua: maji yametulia, ufukwe hauna watu, na jua halijawa kali. Mke wangu aliingia ziwani kwa mara ya kwanza asubuhi ya namna hiyo akiwa na umri wa miaka 34, na watoto hadi leo wanasimulia jinsi mama alivyocheka.

Majini watoto hawakai siku nzima, na saa zinazobaki ndizo simu huzinyemelea. Nasi tuliishinda kwa kijiti. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo ukivuka daraja unarudisha saa, lakini jua halirudishwi. Mwezi Juni, Magharibi inayoingia Mbeya kama saa 12:30 jioni huingia Karonga saa 11:30 kwa saa ya huko. Jambo hili liliwachanganya watoto wetu, wakataka kujua nani anasema kweli, saa au jua. Tukasimamisha kijiti mchangani kabla ya saa sita ya Malawi, wakawa wanatia alama ncha ya kivuli kwa kokoto. Kivuli kilifupika, kikasita, kisha kikaanza kurefuka. Adhuhuri ikawa imeingia mbele ya macho yao, saa ya ukutani ikisema bado robo saa kufika saa sita. Kwa kuwa mwezi Juni jua liko kaskazini yetu, kivuli hicho kifupi kiliangalia kusini. Ukikipa mgongo na kugeuka kidogo kulia, umeelekea Kibla. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa kwa msafiri, na mkubwa wao, ambaye nyumbani husukumwa kwenda kusali, ndiye aliyeadhini. (Masharti ya ruhusa hiyo, hasa siku za kukaa, aulizwe sheikh kabla ya safari.)

Mchangani humo humo huchimbwa bao: mistari minne ya mashimo manane, na kokoto 64 kwa kete. Wamalawi nao wanalo, wanaliita bawo, na watoto wasioelewana hata neno moja la lugha wanaweza kucheza mpaka giza. Msichana mmoja wa pale aliwafunga wanangu wote watatu. Mchana wa jua kali tulikwenda makumbusho ya Karonga, ambako kuna umbo la mifupa ya Malawisaurus, mjusi mkubwa wa kale aliyefukuliwa katika wilaya hiyo. Niliona fahari kwa ajili yao na uchungu kidogo kwa ajili yetu, kwani mjusi wetu wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, amesimama Berlin, na mtoto wa Kitanzania akitaka kumwona lazima apande ndege. Kwa wenye siku nyingi zaidi, kusini kuna Nkhotakota, kituo cha kale cha Waswahili waliovuka ziwa kwa jahazi chini ya watawala walioitwa Jumbe, na mpaka leo ni mji wenye Waislamu wengi. Biashara ya Jumbe ilikuwa pembe na, kwa bahati mbaya, watumwa pia. Mtoto mwenye umri wa kuelewa aambiwe yote mawili.

Kuhusu hati, ni vyema kila mtoto awe na yake, na mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya mwenzake. Ofisi ya Uhamiaji iulizwe mapema, si siku ya safari.

Asubuhi yetu ya mwisho mdogo wetu, mwenye miaka sita, alielea peke yake kwa kuhesabu hadi kumi na moja. Alipoinuka na kufuta maji usoni, jua lilikuwa limeshapanda juu ya milima iliyo ng'ambo ya ziwa, upande wa mashariki. Akauliza ile ni nchi gani. Nikamwambia ni milima ya Livingstone, ni Tanzania. Akaitazama kwa muda, akauliza tena kama huko nako kuna ufukwe. Nikamwambia upo, unaitwa Matema, lakini chini ya milima ile kina huanza ghafla. "Basi mwakani," akasema, akarudi majini.