Mkazo wa Kebo za Usukani katika Ndege Ndogo: Athari za Joto na Vumbi katika Ukanda wa Ugalla na Katavi

Katika ukanda wa Ugalla na Katavi, ambako barabara nyingi huharibika kati ya Novemba na Aprili, ndege ndogo za injini moja, hasa za jamii ya Cessna, hutua katika viwanja vya udongo kama kile cha Ikuu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Katika ndege hizo, nguvu ya mkono na mguu wa rubani hufikishwa kwenye aileroni, elevata na usukani wa mkia kwa kebo za chuma zinazopita juu ya makapi. Hakuna mfumo wa haidroliki wa kuokoa hali kebo inapokatika.

Suala linalopuuzwa zaidi ni joto. Bodi ya ndege ni ya alumini, ambayo hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kaboni. Kwa kebo ya mita 5, ongezeko la nyuzi 20 za Selsiasi huzaa tofauti ya urefu ya takriban milimita 1.1, kwa hiyo kebo hukazika wakati wa joto na kulegea wakati wa baridi. Ndiyo maana vitabu vya matengenezo vya Cessna hutaja mkazo kwa kuzingatia wastani wa joto la eneo. Mpanda iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari: alfajiri ya Julai ni ya baridi, ilhali mchana wa Oktoba huunguza. Kebo iliyokazwa alfajiri ile itasaga makapi na kuuchosha mkono wa rubani Oktoba; iliyorekebishwa mchana wa Oktoba italegea angani, na kebo legevu huweza kuchomoka kwenye kapi au kuruhusu bawa kutetemeka. Ndege iliyoanikwa juani isipimwe kabla ya kukaa kivulini hadi joto la bodi na la kebo lilingane. Fundi mwenye haraka hulikwepa sharti hili, na kipimo chake hakina thamani hata kama kipima mkazo ni sahihi.

Vumbi nalo hunata kwenye grisi iliyozidi na kuwa kama msasa. Kebo ya kawaida ina misokoto 7 yenye nyaya 19 kila mmoja, yaani nyaya 133, na huanza kukatika inapopinda kwenye kapi. Fundi huipitishia kitambaa, si kiganja kitupu: waya uliokatika hunasa nyuzi za kitambaa. Sehemu inayotiliwa shaka hulegezwa na kupindwa, kwani nyaya zilizokatika hujificha kebo ikiwa imenyooka.

Baada ya marekebisho, uzi wa skrubu usionekane zaidi ya mizunguko 3 nje ya kikazio, nacho kifungwe kwa waya wa usalama. Kisha fundi wa pili, asiyeshiriki kazi hiyo, hutazama aileroni: usukani ukigeuzwa kushoto, ya kushoto ipande. Kebo zilizopishanishwa huweza kuwa na mkazo sahihi kabisa.