Tuulizapo Chanjo ya Korona, Tusisahau Kitabu cha Kliniki



Katika Ramadhani ya mwaka 2021, baada ya darsa ya Alasiri, bibi mmoja aliyepita miaka sitini aliniuliza: “Maalim, wanangu wataka nikadungwe chanjo ya korona, nami nimefunga. Saumu yangu itakuwaje?” Kabla sijajibu, wenzake wakaongeza ya kwao: Je, haina nguruwe? Je, si kuikimbia kadari ya Mungu?

Sikuyachukia maswali hayo. Tangu dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca ziwasili nchini mwanzoni mwa Machi 2021, na waliofikia miaka 58 waruhusiwe kuchanjwa, hakukuwa na baraza wala jiko lisilozungumza habari hizo. Nani atawalaumu watu? Ramadhani ya mwaka 2020 misikiti ilifungwa, na Mji wa Kale wa Mombasa ukazuiliwa watu kuingia na kutoka. Aliyeonja hayo ana haki ya kuuliza njia ya kutokea.

Nilimjibu hivi. Chanjo hudungwa kwenye msuli wa mkono, wala si chakula wala kinywaji; Mufti Mkuu wa Saudi Arabia wa wakati huo alibainisha kuwa haibatilishi saumu. Kuhusu nguruwe, Baraza la Maulamaa la Indonesia lilisema mwezi Machi 2021 kuwa katika kuitengeneza kulitumika kitu kitokanacho na mnyama huyo, lakini likairuhusu kwa dharura. Watengenezaji wakakanusha kuwa mna chochote cha nguruwe. Kwa kauli zote mbili, mlango u wazi. Ama kadari, Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Shamu akapata habari za tauni, akarudi. Alipoulizwa iwapo anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaitoka kadari moja ya Mungu kuiendea nyingine.

Lakini mimi si daktari. Mwenye maradhi au mwili usiopatana na dawa fulani na amuulize tabibu, asiutegemee ujumbe wa simu usiojulikana mwenyewe.

Bibi alipoinuka, alimwita mkaza mwanawe aliyembeba mtoto wa miezi mitano. Nikauliza, “Mtoto amemaliza chanjo zake?” Mama akainamisha kichwa. Ile ya wiki ya 14 hakumpeleka; alichelea kwenda kliniki asije akarudi na korona nyumbani. Bibi mwenyewe hakuwa na habari.

Hapo niliona jambo linalotupasa sote. Tumeshughulika na chanjo moja hata tumesahau nyingine iliyo mlangoni petu. Korona huwaelemea zaidi wazee; nimonia, ambayo wazee wetu waliiita kichomi, huwaua watoto wachanga. Tangu mwaka 2011 watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya bakteria wakubwa wa nimonia, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, bila malipo katika vituo vya serikali. Watafiti wa hapa Kilifi waliona kuwa, baada ya chanjo hiyo kuanza, maradhi makali ya aina za bakteria iliyokusudiwa kuzizuia yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa walio chini ya miaka mitano.

Chanjo hiyo haizuii korona, wala ya korona haizuii bakteria hao. Kila moja ina kazi yake na mwenyewe wa kuilinda. Na mtoto aliyechelewa hajapotea: huendelea pale alipoachia, haanzi upya. Mama na avae barakoa, anawe mikono, aende.

Watoto ni amana, na amana hailindwi kwa dua peke yake. Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake, kisha ndipo ategemee. Basi usiku huu, baada ya futari, kitoeni kitabu cha kliniki mlikokiweka, mkisome ukurasa kwa ukurasa, na pawapo pengo, asubuhi mwende.

Yule bibi alimtazama mjukuu wake, akasema, “Basi tutakwenda pamoja, mimi na yeye.”

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na azikubali saumu zetu. Amin.