Kodi Si Kodi Tu

Kutafuta nyumba ya bei nafuu Nairobi ni kibarua kigumu. Mwaka jana tulihamia Pipeline, Embakasi, tuokoe shilingi elfu moja ya kodi. Kumbe! Huko magorofa yamebanana hata vyumba vya chini havioni jua. Taa tunawasha mchana, tokeni za stima zaisha mbio. Maji twanunua kwa mtungi. Nauli ya matatu nayo hupanda mvua ikinyesha, ndiposa mimi huja shule kwa miguu na kuchelewa gwaride. Ile elfu moja ikamezwa yote! Kwa hivyo kabla hujalipa dipositi, waulize wapangaji, si keateka, maji hutoka siku gani. Mama aliuliza akishalipa. Mwenye nyumba akasema dipositi hairudishwi.