Chokaa Ni Ile Ile, Moto Ndio Tofauti

Sisi watu wa Pwani tunaijua chokaa tangu enzi za kujenga Gedi na Lamu. Lakini wachache wanajua kwamba chokaa hai, yaani oksidi ya kalisiamu, ni kichocheo pia: huharakisha mafuta ya kupikia na methanoli kugeuka dizeli.

Vijana wanaotaka kujaribu kazi hii nawaambia mapema: ubora wa kichocheo hutokana na namna kilivyotayarishwa.

Chukua makombe ya chaza. Ukiyachoma kwa nyuzi 600 za selisiasi, sehemu kubwa hubaki kaboneti, na kaboneti haisaidii. Yakifika karibu nyuzi 900, kaboni dioksidi hutoka na kuacha vitundu vidogo vidogo. Kazi yote hufanyika kwenye kuta za vitundu hivyo. Moto ukizidi mno, chembe hushikana, vitundu huziba, na nguvu hupungua. Waashi wanalijua hilo: chokaa iliyoungua kupita kiasi huchelewa kuchemka ikitiwa maji.

Hata ikiiva sawasawa, ukiiacha wazi hufyonza unyevu na kaboni dioksidi ya hewani, na hewa yetu ya bahari ina unyevu tele. Ifungie ndani ya chombo kikavu ingali mpya.

Kwa hivyo, anayetaka kuwafadhili vijana asikimbilie mtambo mkubwa. Aanze na tanuri lenye kipimajoto, na mafunzo ya usalama, kwani methanoli ni sumu na hushika moto upesi. Makombe tunayo, tena bila kuvunja matumbawe.